Fedha ya Mbegu na Mpira wa Gofu

Mwezi wa Februari na mwanzo wa Machi ni wakati wa maamuzi kwa mkulima wa Ufipa. Mahindi yamesimama shambani, mvua ingali inanyesha, na ghala ya mwaka uliopita yakaribia kuonyesha sakafu yake. Ndipo kaya nyingi zinapotenga fedha kidogo kwa ajili ya mbegu ya maharage ya mwisho wa masika, kwa kibarua cha palizi, na kwa madaftari ya watoto. Fedha hiyo si nyingi, lakini ina kazi yake, na kila mtu nyumbani aijua kazi hiyo.

Katika majuma hayo hayo, huko Nairobi, huchezwa mashindano makubwa ya gofu ya Kenya. Habari zake hutufikia hata hapa Malangali, katika Manispaa yetu ya Sumbawanga, kwa njia ya simu za mkononi. Wala habari hizo haziji peke yake. Huja zimefungamana na mwaliko wa kuweka dau. Wako watu ambao kazi yao ni kuandika, kabla mpira haujapigwa, ni nani atakayeshinda, nani atashika nafasi ya tano, na nani atampita mwenzake, ili msomaji atoe fedha yake kwa kuyaamini maneno yao. Kamari ya kandanda tumekwisha kuizoea, na neno la «mkeka» limekwisha kupata maana ya pili midomoni mwa vijana wetu. Sasa wauzaji wa kamari wameuongeza mchezo ambao wengi wetu hatujapata kushika hata fimbo yake. Yatupasa kulitazama jambo hili kwa utulivu, pasipo hasira na pasipo kucheka.

Kwanza tuutendee haki mchezo wenyewe. Gofu si dhambi, wala si upuuzi wa matajiri tu. Ni mchezo wa subira. Mchezaji huupiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie shimoni, na mashimo ni 18. Atumiaye mikwaju michache kupita wenzake ndiye mshindi. Mashindano ya wachezaji wa kulipwa huchukua siku 4, tangu Alhamisi hata Dominika, yaani mashimo 72 kwa yule anayefika mwisho. Jioni ya siku ya pili huwa mchujo, na karibu nusu ya wachezaji hufungasha mizigo yao wakaenda zao. Mashindano ya Kenya yalianza mwaka 1967. Seve Ballesteros wa Hispania alishinda mwaka 1978, na Ian Woosnam wa Wales mwaka 1986, na wote wawili walipata sifa kubwa duniani. Tangu mwaka 2019 mashindano hayo yamehesabiwa katika mzunguko mkuu wa Ulaya. Ni heshima kwa Afrika ya Mashariki, na kijana anayeyafuatia kwa kupenda ustadi wa mikono na macho hana la kujilaumu.

Sasa tuwatazame hao wanaoandika utabiri. Nao tuwatendee haki, maana wengi wao si wavivu. Husema juu ya uwanja: kwamba Muthaiga una miti mingi inayobana njia na nyasi nene za kikuyu zinazoushika mpira. Husema juu ya hewa: kwamba Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa nyepesi ya mahali pa juu huupeleka mpira mbali zaidi kuliko pwani, hata mgeni hukosea vipimo vyake. Sisi tunaoishi juu ya uwanda wa Ufipa twaielewa habari hiyo bila kufundishwa. Husema pia juu ya wachezaji: nani amecheza vizuri majuma yaliyopita, nani hupiga mbali, nani ana mkono mtulivu karibu na shimo. Yote hayo ni maarifa ya kweli. Na hapo ndipo penye mtego ambao twataka kuuonyesha.

Mtego ni huu: mtu mwenye akili aonapo maarifa ya kweli, hudhani ya kwamba kamari imegeuka kuwa kazi. Hujiambia, «Mimi si mcheza kamari kama wale wanaobahatisha. Mimi nimesoma. Nimeujua uwanja, nimeijua hewa, nimewajua watu.» Lakini asahau jambo moja: anayemwuzia dau naye amesoma hayo hayo, tena mapema, tena ana hesabu za miaka mingi na mashine za kuzipima. Kila alichokijua kijana wetu kimekwisha kutiwa katika bei. Akimtambua mchezaji hodari, bei yake tayari ni ya mchezaji hodari, yaani malipo yake ni madogo. Akimwona aliye dhaifu, malipo ni makubwa kwa sababu kushinda kwake ni shida. Maarifa ambayo kila mtu sokoni anayo hayawezi kumpa mtu mmoja faida.

Tena juu ya bei hiyo muuzaji hujiwekea fungu lake. Tulieleze hili kwa hesabu ambayo mtoto wa shule aweza kuithibitisha kwa kalamu. Tuseme wachezaji wawili wenye nguvu sawa wamewekwa wapambane, nani atatumia mikwaju michache zaidi. Kama biashara ingekuwa bila fungu la muuzaji, dau la shilingi 1,000 lingerudisha 2,000 kwa aliyebahatika. Lakini tuseme muuzaji atoa 1,850 kwa upande wowote. Basi watu wawili wameweka kila mmoja 1,000, huyu upande huu na yule upande ule. Jumla ni 2,000. Mmoja amelipwa 1,850, mwingine hakupata kitu, na 150 zimebaki mezani kwa mwenye meza. Yeye hakupiga mpira, wala hakubashiri neno, wala hana haja ya kujua nani alishinda.

Kijana atasema, «Mimi siweki moja moja, mimi natandika mkeka.» Vema, tuutandike. Ayaunganishe mapambano 5 ya namna hiyo, na yote lazima yatimie. Dau la 1,000 laahidiwa karibu 21,670. Macho yang'aa! Lakini kuyapata yote matano kati ya watu wenye nguvu sawa hutokea mara moja katika mara 32. Basi atatoa 32,000 ili kwa wastani apate 21,670. Katika dau moja fungu la muuzaji lilikuwa 75 katika kila 1,000. Katika mkeka wa matano limepanda likapita 320. Kadiri mkeka unavyorefuka ndivyo mwenye meza anavyoshiba. Ndiyo sababu mikeka mirefu husifiwa kwa matangazo mazuri, na ndiyo sababu huchanika.

Na kumtaja mshindi mmoja katika kundi la wachezaji zaidi ya 100 ni vigumu kupita yote. Tuseme mchezaji fulani apewa malipo ya mara 21. Kijana aweka 20,000 aahidiwe 420,000. Lakini bei hiyo yenyewe ni ungamo la muuzaji: asema kwamba katika Dominika 21 kama hiyo, mchezaji huyo ataukosa ushindi angalau mara 20. Mwenye duka amekuandikia mlangoni kwamba utapoteza, nawe unaingia ukimshukuru.

Historia ya mashindano hayo ya Kenya yatuonyesha jinsi jambo hili lisivyoshikika. Mwaka 2019 alishinda Guido Migliozzi wa Italia, na ulikuwa ushindi wake wa kwanza katika mzunguko huo mkuu. Mwaka 2020 hayakuchezwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mwaka 2021 alishinda Justin Harding wa Afrika ya Kusini, mwaka 2022 Ashun Wu wa China, mwaka 2023 Jorge Campillo wa Hispania, mwaka 2024 Darius van Driel wa Uholanzi, na mwaka 2025 Jacques Kruyswijk wa Afrika ya Kusini. Kwa van Driel na Kruyswijk pia ulikuwa ushindi wa kwanza wa daraja hilo. Katika miaka hiyo hakuna aliyerudia.

Tena liko tukio moja linalofaa kukumbukwa kuliko yote. Mwezi wa Machi 2021, mara tu baada ya Harding kushinda katika uwanja wa Karen, yalichezwa mashindano mengine katika uwanja ule ule, katika juma lililofuata, na wengi wa wachezaji walikuwa wale wale. Kama maarifa ya uwanja, hewa na watu yangetosha, basi hapo ndipo mtabiri angesema pasipo kusita. Uwanja ulikuwa mmoja, hewa ilikuwa moja, na majibu ya juma lililotangulia yalikuwa mkononi. Akashinda mtu mwingine, Daniel van Tonder, naye alilazimika kuongezewa mashimo ili apatikane mshindi. Hatusemi haya kuwacheka watabiri. Twasema kwamba mkono wa binadamu, upepo, na jiwe dogo lililo njiani havitii amri ya mtu aliyelala na njaa ili aweke dau.

Hapa wasomaji wetu wengine watatuuliza: je, ni dhambi? Swali hili lastahili jibu la kweli, si la vitisho. Kanisa halifundishi kwamba kila mchezo wa kubahatisha, au kila dau, ni uovu kwa asili yake. Mitume wenyewe, baada ya kusali, walipiga kura ili Matia achukue nafasi iliyoachwa na Yuda. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992, inapoeleza amri ya saba, yafundisha katika namba 2413 kwamba michezo hiyo na madau haipingani na haki kwa yenyewe. Lakini haikubaliki tena inapomnyima mtu kile anachohitaji kwa maisha yake na kwa maisha ya wengine wanaomtegemea. Tena yaonya kwamba shauku ya kamari yaweza kuwa utumwa. Basi kipimo kiko wazi. Kabla ya kuuliza nani atashinda huko Nairobi, Mkristu yampasa ajiulize: fedha hii ni ya nani?

Tumfikirie kijana mmoja wa Malangali. Si mlevi, si mwizi, wala hakufukuzwa shule. Kinyume chake, ni mwerevu kupita ndugu zake, na ndiyo sababu baba yake alimkabidhi simu yenye fedha ya nyumbani. Usiku husoma habari za gofu. Ameandika katika daftari majina ya wachezaji na alama zao. Siku ya Jumatano baba amwambia, «Mwanangu, kesho shuka sokoni ununue mbegu, ardhi imelowa.» Naye ajibu, «Baba, tungoje mpaka Jumatatu. Fedha itakuwa imezaa.» Siku ya Ijumaa jioni, mchezaji aliyemtegemea achujwa. Mchana wa Jumamosi kijana atafuta fedha nyingine ili kuirudisha ile ya kwanza. Dominika asubuhi yuko kanisani, lakini mkono wake uko mfukoni, na simu yatetemeka wakati Padre anapoinua Hostia. Jumatatu mvua yanyesha vizuri sana, na hakuna mbegu.

Fedha hiyo haikuwa yake. Ilikuwa ya mama anayetazamia kuuza debe mbili za maharage ili apate sabuni na chumvi. Ilikuwa ya mdogo wake anayesubiri viatu. Ilikuwa ya ardhi yenyewe, ambayo haingoji. Mtu akiyapoteza maharage kwa wadudu, majirani humhurumia. Akiyapoteza kabla hayajapandwa, hana hata la kuwaeleza. Sheria ya nchi yetu, iliyotungwa mwaka 2003 na kuiweka Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, yawakataza walio chini ya miaka 18 wasicheze. Ni sheria njema. Lakini hakuna sheria iwezayo kusimama kati ya kidole cha mtu mzima na simu yake saa sita ya usiku. Hapo yatosha dhamiri tu, nayo dhamiri yahitaji kulishwa.

Twarudia: hatumwogopei sana mpumbavu. Mpumbavu hupoteza kidogo, akachoka, akaacha. Twamwogopea mwerevu na mwenye bidii, kwa sababu bidii yake yamficha ukweli. Bwana wetu alitoa mfano wa watumwa waliopewa talanta. Yule mwovu aliifukia yake ardhini. Kijana wetu hakuifukia. Anaifanyisha kazi usiku na mchana, lakini katika shamba lisilo na udongo. Akili ile ile inayoweza kukumbuka alama za wachezaji 50 ingeweza kujua bei ya mahindi ya Tunduma na ya Mbeya. Ingeweza kujifunza dawa ya mdudu anayekula mahindi, au kushika hesabu za ushirika, au kumfundisha mdogo wake kanuni za hisabu. Daftari lile lingekuwa daftari la mali. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Leo tumeona hata lile linaloweza kupoteza mali huku likiandika habari zote.

Na asiseme mtu kwamba tatizo ni ufukara wetu, au kwamba wajuzi wa kweli huepuka. Phil Mickelson wa Marekani ni miongoni mwa wachezaji wakubwa wa gofu wa nyakati zetu. Ameshinda mashindano makuu 6, na mwaka 2021 alishinda moja akiwa na umri wa miaka 50, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake. Mtu huyo aujua mchezo wa gofu kuliko watabiri wote, na fedha haikumpungukia kamwe. Hata hivyo, mwezi wa Septemba 2023, yeye mwenyewe alikiri hadharani kwamba kamari yake ilikuwa imevuka mpaka wa kiasi na kuwa utumwa. Alisema kwamba usalama wa fedha ya nyumba yake haukutikiswa. Kilichoumia ni watu wake, maana hata alipokuwa nyumbani hakuwa pamoja nao. Twamheshimu kwa kusema hivyo. Neno lake latufundisha kwamba kamari hula vitu viwili. Maskini hula kwanza fedha yake, ndipo moyo wake. Tajiri hula moyo moja kwa moja.

Kanisa linaye mtakatifu aliyeyajua mambo haya katika mwili wake. Mtakatifu Kamili wa Lellis alizaliwa Italia mwaka 1550, akawa askari kama baba yake, tena mcheza kamari asiyezuilika. Alipoteza fedha yake, akapoteza silaha zake, na huko Napoli akafika mahali pa kuichezea hata shati yake. Alipobaki hana kitu, alipata kibarua cha ujenzi kwa Wafransisko Wakapuchini. Huko, kati ya mawe na chokaa, mwaka 1575 Mungu alimgeuza moyo. Baadaye alianzisha shirika la kuwahudumia wagonjwa, ambalo watawa wake huvaa msalaba mwekundu kifuani. Alifariki Roma mwaka 1614, na mwaka 1746 akatangazwa mtakatifu. Tazameni, ndugu: hakuokolewa na ushindi mkubwa uliomrudishia yote. Aliokolewa alipoacha kutafuta ushindi, akakubali ujira wa kibarua. Kijana aliyepoteza fedha ya mbegu, na asomaye maneno haya kwa aibu, asikate tamaa. Mlango wake si dau la kulipiza. Mlango wake ni kumwendea baba yake na kusema kweli, na siku ya pili kushika jembe.

Liko neno jingine linalotugusa sisi wa mji huu kwa namna ya pekee. Jina la Sumbawanga, kama wazee wetu walivyotueleza, ni mwito wa kutupa uchawi: mgeni aingiapo na autupe kabla ya kukaa nasi. Jina hilo ni ahadi. Lakini palipo na kamari, uchawi huingia kwa mlango wa nyuma. Mtu aliyekwisha kuamini kwamba maisha yake yategemea bahati hataacha kuitafuta dawa ya bahati. Leo ataamini namba, kesho ndoto, kesho kutwa mganga, na siku nyingine mtu asiyemjua anayemwandikia kwamba ana matokeo yaliyokwisha kupangwa, ila alipwe kwanza. Njia hiyo ni moja. Mwanzo wake ni kuacha kuamini kwamba Mungu hubariki kazi, na mwisho wake ni kuamini kila kitu kingine.

Hatutaki kuwalaumu vijana peke yao. Wazazi, msimkabidhi mtoto fedha yote na siri yote. Fedha ya nyumba na ihesabiwe mezani, mume na mke wakijua. Wenye vibanda, ninyi mnaopata kamisheni, mnamjua mteja ambaye fedha aliyoishika si yake. Mnaye pia mtoto wa miaka 15 anayesema ametumwa na kaka. Mwenye kumwuzia mtoto ana sehemu katika machozi ya mama. Walimu, fundisheni hesabu ile ya 1,850 ubaoni. Mahubiri yetu yote hayatafaa kama hesabu hiyo moja. Nasi tulio katika huduma ya Kanisa tujichunguze. Parokia zetu nazo hupata kuuza tiketi za bahati nasibu kwa ajili ya bati na saruji. Tuhakikishe kwamba ni sadaka yenye furaha kidogo ndani yake, tena kwa kiasi kidogo, wala si shule ya kwanza ya kamari. Tusipofanya hivyo, watoto watatuambia tulianza sisi.

Mara nyingi mashindano ya Nairobi huangukia Kwaresima. Mwaka 2022 yalianza siku iliyofuata Jumatano ya Majivu, na wenye majivu bado katika paji la uso waliweka madau yao Alhamisi. Yafaa tukumbuke, katika siku hizo, kwamba hata chini ya Msalaba watu walicheza. Askari waliona kanzu isiyo na mshono, wakaona ni hasara kuichana, wakaipigia kura. Hawakuwa na uchungu na Yule aliye juu. Hawakumtazama. Hilo ndilo jambo la kutisha: si kwamba walimchukia, bali walikuwa na shughuli. Mcheza kamari hamchukii mama yake wala watoto wake. Ana shughuli, na macho yake yako chini.

Wazee wetu wa Ufipa walituachia njia nyingine ya kuotesha mali. Wakati wa masika, katika miezi hii hii, walilima vilima vya mviringo, ntumba, wakazifukia nyasi ndani yake. Aliyepita na asiyejua alifikiri ni kazi bure, kuzika majani. Lakini nyasi zilioza, zikawa chakula cha udongo, na msimu uliofuata vilima vilitawanywa, na ulezi ukaota. Hapakuwa na haja ya kutabiri. Kazi iliyofukiwa kwa subira ilirudi ikiwa mkate.

Basi twatoa shauri moja lililo dogo. Siku ya Jumatano kabla ya mashindano, kabla mpira wa kwanza haujapigwa Nairobi, fedha ya mbegu na iwe imekwisha kuwa mbegu. Ikishaingia ardhini hakuna simu iwezayo kuitoa. Ndipo, Dominika baada ya Misa, anayetaka kutazama jinsi wanaume hawa wanavyoupiga mpira mdogo katika hewa nyepesi kama ya kwetu, na atazame kwa furaha, awashangilie wote, na asipoteze kitu. Mungu aibariki mikono yenu, na aijalie Ufipa mvua ya kutosha.